Matairi ya foklifti yasiyo na upepo: pima joto la ndani

Maghala ya Arua na Koboko hupokea saruji, unga, mafuta ya kula, na misaada inayokwenda makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Penye foklifti, mara nyingi utakuta inatembelea matairi ya mpira mtupu, yasiyojazwa upepo. Msumari hauyapi pancha, na ndiyo maana wenye maghala huyapenda. Adui yao ni joto.

Tairi likizunguka na mzigo, mpira hubonyea na kurudi, na sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto. Tairi la upepo lina kuta nyembamba, hivyo hupoa upesi. La mpira mtupu ni nene, na mpira haupitishi joto vizuri. Joto hujikusanya katikati. Juu unaweza kuligusa kwa kiganja, kumbe ndani linaungua. Joto hilo likikaribia lile linalotumika kupikia mpira kiwandani, takriban nyuzi 140 hadi 150 za sentigredi, mpira hulegea, hupasuka kuanzia ndani au huachana na rimu.

Kwa hiyo kinachoua tairi hili hasa ni safari ndefu bila kupumzika. Uzito ulioandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji huhesabiwa kwa kasi ya chini, kwa kawaida isiyozidi kilomita 25 kwa saa, na kwa kazi ya kwenda na kusimama. Kutoka Arua hadi Koboko ni zaidi ya kilomita 50. Lami ipo, lakini usimruhusu dereva aiendeshe foklifti hadi huko. Ipakie kwenye lori. Nauli ya lori ni nafuu kuliko seti ya matairi.

Je, joto lipimwe vipi? Kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola husoma ngozi ya tairi tu. Kwenye majaribio, tairi moja la kujaribia hutobolewa tundu dogo hadi katikati ya unene wake, na kipimajoto cha sindano huingizwa mara mashine inaposimama. Foklifti ibebe mzigo wake wa kawaida, izunguke umbali uleule, na joto liandikwe kila nusu saa. Likiendelea kupanda bila kutulia, punguza mzigo au mwendo. Pima magurudumu ya mbele, maana ndiyo hubeba uzito mwingi foklifti ikiwa na shehena. Jaribio la asubuhi yenye mvua lisikudanganye: rudia mchana wa kiangazi, Januari au Februari. Tairi lililotobolewa lisirudishwe kazini.

Kwa anayeagiza, kipimo kama 6.50-10 au 7.00-12 hakitoshi, taja pia upana wa rimu. Tairi hili huvalishwa kwa presi kubwa, si kwa vyuma vya fundi wa pancha. Kabla ya kulipa, uliza presi iko wapi, au nunua tairi likiwa na rimu yake. Matairi meupe yasiyochafua sakafu yanafaa kwa ghala la chakula, ila huvumilia joto kidogo kuliko meusi.

Forodhani, matairi mapya ya upepo huingia kifungu 4011. Ya mpira mtupu, hata yakiwa mapya kabisa, huingia 4012, pamoja na mitumba; namba yake ndogo ni 4012.90. Hakikisha wakala wako hakuandika 4012.20, ambayo ni ya matairi ya upepo yaliyokwisha kutumika.