Jedhamu na Umbali wa Tabibu

Katika maradhi ya ngozi ambayo wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki wameyapa majina tangu kale, upele na choa, mba na mbalanga, harara na majipu, hakuna hata moja lililotajwa kwa sauti ya chini kama jedhamu, ambayo kamusi za zamani huiandika pia matana, na ambayo leo, pwani na bara, sote twaijua kwa jina la ukoma. Upele huwasha usiku kucha, walakini mwenye upele hakuhamishwa kijijini. Choa humtia mtoto haya mbele ya wenziwe, walakini mamaye hakuacha kula naye sinia moja. Mwenye jedhamu ndiye aliyejengewa kibanda chake peke yake, akawekewa chakula mahali akakichukue mwenyewe baada ya aliyekileta kwisha kuondoka. Kila nikiirejea historia ya tiba ya maradhi haya huona kuwa haipimwi kwa nguvu ya dawa peke yake, bali hupimwa pia kwa umbali: hatua ngapi ziliwekwa baina ya mgonjwa na mlango wa nyumba yake, na nani aliyezipunguza.

Kutenga wagonjwa hakukuanza kwa ukatili mtupu. Wanatarehe wa Kiarabu humtaja Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, wa Bani Umayya, ambaye mnamo mwaka 707, yaani mwaka 88 wa Hijra, aliwatenga wenye jedhamu wa Sham na kuamuru wapewe posho ili wasilazimike kuwaomba watu. Kwa hiyo fikra ya kwamba anayeondolewa katika jamaa ana haki juu ya wale waliomwondoa ni fikra kongwe, na waliokuja baadaye waliishika sehemu ya kuondoa kuliko ile ya posho. Ibn Sina naye, katika Kanuni yake ya utabibu, aliieleza jedhamu na dalili zake. Lakini asili yake hakuna aliyeiona kwa macho mpaka karne ya 19.

Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, tabibu wa mji wa Bergen katika nchi ya Norwe, Gerhard Armauer Hansen, aliona kwa hadubini vijidudu vyenye umbo la vijiti katika nyama iliyokatwa kwenye vinundu vya wagonjwa, naye akashikilia kuwa hivyo ndivyo viletavyo ukoma, ilhali wengi wa wataalamu wa zama zake waliamini kuwa ni maradhi ya kurithi. Sifa yake ni kubwa, na haipungui kwa kusema ukweli wote: katika bidii ya kuthibitisha dai lake alijaribu kumpandikiza mgonjwa mmoja mwanamke jichoni bila ya idhini yake, na mwaka 1880 mahakama ilimhukumu kuondoka katika kazi yake ya hospitali. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Utafiti wowote wa leo ufanywao juu ya mwili wa binadamu huanza kwa kumwomba ruhusa mwenye mwili huo, na hukumu ile ya Bergen ni miongoni mwa mahali pa mwanzo ambapo mgonjwa wa ukoma, mtu asiyehesabiwa, alihesabiwa mbele ya sheria.

Elimu ya Hansen ilileta mwanga, lakini mwanga huo kwanza ulizidisha umbali. Mkutano wa mataifa juu ya ukoma uliofanyika Berlin mwaka 1897 ulipendekeza wagonjwa watengwe, na dola zilizokuwa zikigawana dunia zilipata hoja ya kitabibu kwa jambo ambalo hofu ilikwisha kulianza: wagonjwa walikuwa wakipelekwa kisiwa cha Robben karibu na Cape Town tangu 1846, na wa Hawaii wakishushwa katika rasi ya Kalaupapa kisiwani Molokai tangu 1866. Huku kwetu Wadachi walianzisha vijiji vya wakoma katika sehemu nyingi za nchi waliyoitawala, na Waingereza waliovirithi wakavihifadhi na kuongeza vingine, pamoja na misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Upande wa Kenya kulikuwa na Alupe, karibu na mpaka wa Uganda. Katika vijiji hivi watu walilima, walioana, walizikana. Kilichokosekana ni dawa ya kuponya.

Dawa yenyewe iliyokuwapo ilikuwa mafuta ya mbegu za mchalmugra, mti wa Uhindi na Burma, ambayo matabibu wa huko waliyatumia kwa muda mrefu sana kabla ya daktari wa Kiingereza, Frederic Mouat, kuyaeleza kwa Wazungu mwaka 1854. Mafuta haya ni mazito na machungu. Aliyeyanywa alichafukwa na roho akayatapika. Aliyeyapaka hakuona nafuu. Na aliyedungwa kwa sindano aliumia mno, kwa kuwa mafuta hayakuchanganyika na damu bali yalikaa chini ya ngozi, yakafanya malengelenge safu kwa safu. Ndipo hapa anapoingia binti mmoja ambaye laiti ningeliweza ningelitaka jina lake lisomwe katika kila darasa la sayansi: Alice Ball, Mmarekani Mweusi, mwanakemia wa chuo cha Hawaii, ambaye mnamo 1915, akiwa na umri wa miaka 23, alipata njia ya kuvunja mafuta hayo na kuyageuza yawe mepesi, yapenye mwilini kwa sindano bila ya kujikusanya. Alifariki dunia siku ya mwisho ya mwaka 1916, kabla ya kuitangaza kazi yake, na mkuu wa chuo, Arthur Dean, akaiendeleza na kuichapisha bila ya kulitaja jina lake. Mwaka 1922 daktari Harry Hollmann, aliyemwomba Ball kazi hiyo tangu mwanzo, aliandika kuwa njia ile ni ya Ball. Baada ya hapo jina likanyamaza tena kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2000 chuo kile kilipoweka kibao cha kumbukumbu yake chini ya mti wa chalmugra. Dawa yake haikuwaponya wote, ila baadhi ya wagonjwa wa Hawaii waliruhusiwa kurudi makwao, na hiyo ndiyo mara ya kwanza umbali ule kupungua kwa sababu ya maabara.

Baada ya chalmugra mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Mwaka 1941, katika hospitali ya Carville huko Louisiana, daktari Guy Faget alianza kuwadunga wagonjwa promini, na vidonda vilivyokataa kupona kwa miaka vikafunga. Promini ilitokana na dapsoni, kitu kilichotengenezwa na wanakemia wa Kijerumani tangu 1908 na kuachwa bila kazi. Na mwishoni mwa miaka ya 1940 Robert Cochrane huko Uhindi, na John Lowe huko Uzuakoli, Nigeria, walionyesha kuwa dapsoni yenyewe, kwa kipimo kidogo, yafaa. Muhimu kupita yote ni kuwa ilikuwa kidonge cha kumeza, tena cha bei nafuu, ambacho mtu aweza kukibeba kwenye ncha ya leso yake akarudi nacho nyumbani. Ukuta wa kijiji cha wakoma ulianza kubomoka kwa kidonge kile kabla ya serikali yoyote kutoa amri ya kuubomoa.

Furaha hiyo haikudumu bila doa. Vijidudu vya ukoma havikubali kuoteshwa katika chupa za maabara, na mpaka 1960 mtafiti hakuwa na njia ya kuvijaribu, hata Charles Shepard wa Marekani alipoonyesha kuwa vyaweza kukua katika unyayo wa panya. Kwa njia hiyo, mwaka 1964, ilithibitishwa huko Malaysia kuwa vipo vijidudu vilivyokwisha kuizoea dapsoni, wala haiviui tena. Jawabu lilikuwa kuchanganya: rifampisini, klofazimini na dapsoni pamoja, ili kidudu kikiiponyoka moja kinaswe na nyingine. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko huo mwaka 1981, na tangu 1995 hutolewa bure ulimwenguni kote.

Inafaa tuitazame pakiti ya mchanganyiko huo kwa karibu. Ni kadi ya vidonge vya siku 28, na mwenye mabaka mengi hupewa kadi 12 kwa mwaka, mwenye machache kadi 6. Vidonge vya siku ya kwanza, vilivyo vingi kuliko vya siku nyingine, humezwa mbele ya mhudumu wa afya. Vilivyobaki mgonjwa huenda navyo kwake. Rifampisini huupaka mkojo rangi nyekundu kwa muda mfupi, na asiyeonywa mapema hutaharuki akidhani ni damu. Klofazimini huikoza ngozi iwe nyeusi kwa miezi, na wapo walioikimbia kwa kuona kuwa dawa yenyewe imewatia alama. Kabla ya hayo yote lakini kuna uchunguzi usio na gharama: mgonjwa hufumba macho, naye tabibu huchukua unyuzi wa pamba, akaugusisha taratibu kwenye ngozi nzima, kisha kwenye baka, kila mara akimtaka aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Kwenye ngozi nzima kidole hufika upesi. Kwenye baka la ukoma husubiriwa, na hakiji.

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 nchi nzima ilifikia kiwango kilichowekwa na ulimwengu, cha chini ya mgonjwa 1 katika watu 10,000. Mjini Moshi, tangu 1992, kipo chuo cha kanda cha maradhi ya ngozi ambamo maofisa tabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika husomeshwa kuyatambua maradhi hayo, ili zahanati iliyo mbali na daktari bingwa isikose mtu mwenye jicho lililofunzwa. Na huko Kindwitwi, Rufiji, katika kijiji cha wakoma kilichokuwa kimekaribia kusahauliwa, padri wa Kianglikana Robin Lamburn aliishi na wagonjwa tangu miaka ya 1960 hadi uzee wake, akihimiza nyumba, shule na mashamba. Yeye alikwenda kuishi walipokuwa wao, na kwa kadiri nionavyo mimi, kati ya wote niliowataja, ndiye aliyeufuta umbali kwa njia iliyo nyepesi kuielewa na ngumu kuiiga.

Hata hivyo maradhi hayajakoma. Mwaka 2023 watu wapatao 180,000 waligunduliwa kuwa nayo duniani, wengi wao Uhindi, Brazili na Indonesia, na sababu mojawapo ni kuwa vijidudu hivi hukaa mwilini kwa wastani wa miaka 5, pengine hata 20, kabla ya baka la kwanza kutokeza. Kwa hiyo utafiti wa siku hizi umeacha kumngoja mgonjwa. Unamfuata jirani yake. Huko Bangladesh watu zaidi ya 21,000 walioishi karibu na wagonjwa wapya walishirikishwa katika jaribio, nusu wakipewa dozi moja tu ya rifampisini na nusu kidonge kisicho na dawa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa katika miaka 2 ya mwanzo dozi ile ilipunguza maradhi kwa asilimia 57. Baada ya miaka 10 Shirika la Afya Duniani liliikubali njia hiyo.

Kisha utafiti ukaja katika bahari yetu. Katika visiwa vya Nzwani na Mwali vya Komoro, ambako watu husema lugha iliyo ndugu ya Kiswahili, na katika Bukini, yaani Madagaska, watafiti walikwenda nyumba hadi nyumba wakiangalia ngozi za watu, wakalinganisha: je, yatosha kuwapa dawa watu wa nyumba moja na mgonjwa, au iwafikie na majirani walio ndani ya mita 100? Baada yake, huko huko Komoro, wakaanza kuijaribu bedakwilini, dawa mpya ya kifua kikuu, pamoja na rifampisini. Nayo Tanzania, pamoja na Msumbiji na Uhabeshi, imeshiriki katika utafiti unaolinganisha kuwachunguza jamaa wa mgonjwa zahanatini na kuwaita katika kambi za ngozi zinazofunguliwa kijijini. Katika kambi hizo wenye choa, wenye upele, wenye harara, wote huja. Na yule mwenye baka lisilohisi pamba huketi nao benchi moja, wala hapana ajuaye nini kilichomleta. Tazama basi jinsi jedhamu ilivyorudishwa katika safu ya maradhi mengine ya ngozi, ambamo haikustahili kutolewa.

Nawe msomaji, ukiona juu ya ngozi yako, au ya mtoto wako, au ya mzee unayemlea, baka lililofifia rangi, lisilowasha wala lisilouma, na ukiligusa kwa pamba halijui kuwa limeguswa, usilisitiri kwa nguo wala usingoje lipite. Nenda zahanati iliyo karibu nawe, ukawaonyeshe. Dawa ni bure, na anayeianza mapema hukoma kuambukiza wengine, akaendelea kulala katika nyumba yake.