Kula nje asubuhi Maskati: mikahawa ya chai na vitamu, na namna ya kumchukua mzee wako

Jumamosi moja tulimchukua mama yangu twende tukale nje. Binti yangu alichagua mkahawa Shatti al-Qurum, upande wa pwani, nasi tukamwambia mama asile kitu nyumbani, maana tunakwenda kula. Tulisema tutampitia saa nne asubuhi, tukampitia saa nne na nusu. Kufika mlangoni tukaambiwa tusubiri meza. Ilipotimia saa sita kasorobo ndiyo kwanza tunakaa.

Mama ana sukari, na sindano yake alikuwa ameshachoma asubuhi kama kawaida. Wakati vijana wanapiga picha sahani, nilimtizama nikaona jasho linamtoka mbele ya baridi ya kiyoyozi. Mikono inatetemeka, na mjukuu wake akimuuliza kitu, yeye anajibu kitu chengine. Tukamnywesha juisi ya machungwa, na baada ya robo saa akarudi kuwa mwenyewe. Ndani ya gari aliniambia, "Nilijihisi tangu pale mlangoni, mwanangu. Sikusema, nisiwaharibie siku yenu."

Mkahawa haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, watu tunaokwenda kula mahala bila ya kujua pana taratibu gani. Tangu siku ile, kila tukitoka naandika katika kidaftari: saa, mahala, kilichomo ndani ya sahani, na gharama. Hapa nimekusanya yale yatakayowafaa familia zetu, khasa zile zenye wazee ndani.

Chakula hichi ni kipi

Vijana wanakiita branchi. Jina ni la Kiingereza, limeunganishwa kutokana na jina la chakula cha asubuhi na la chakula cha mchana. Mwaka 1895 mwandishi wa Kiingereza, Guy Beringer, aliandika makala akiwasihi watu waache kile chakula kizito cha Jumapili mchana, badala yake wale mapema kidogo vitu vyepesi, huku wakizungumza. Kwetu sisi jambo hili halikuwa geni. Chai ya saa nne, yenye vitumbua, mbaazi za nazi na mahamri, ilikuwa ni hiyo hiyo, ila tulikunywa nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kutuletea bili.

Mkahawa wa vitamu ni kitu mbali. Huo huuza kahawa, keki, kunafa, aiskrimu na kaimati, na shughuli yake kubwa huwa baada ya Isha mpaka usiku mkubwa. Baadhi ya mikahawa hufanya kazi zote mbili, mayai asubuhi na vitamu usiku.

Siku na saa

Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, tangu Mei 2013. Kabla ya hapo yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Siku ya Ijumaa sala huingia karibu na saa sita mchana, kwa hivyo anayetaka kula asubuhi ana muda mfupi, na mikahawa mingine haifungui mpaka watu watoke msikitini. Jumamosi haina mbano huo, na ndiyo maana kila mtu anakwenda Jumamosi. Ukifika saa tatu asubuhi unapata meza ya kuchagua. Ukifika saa tano utasimama na watoto mlangoni. Kama mahala wanapokea oda ya meza kwa simu, piga simu jana yake.

Neno moja kuhusu saa. Hapa natumia saa za Kiswahili. Watoto wetu waliozaliwa huku wanafikiri kwa saa za Kiarabu na Kiingereza, na wakimwambia bibi yao kwa Kiswahili "tutakupitia saa kumi", wao wanakusudia saa nne ya asubuhi, na yeye anajitayarisha baada ya Alasiri. Nyumbani kwetu limetokea mara mbili. Sasa tunasema "saa nne ya asubuhi, kabla ya Adhuhuri", na hakuna anayekosea.

Kukaa nje kunafaa kuanzia Novemba mpaka Machi. Miezi ya joto usimkalishe mzee barazani hata kama feni zinazunguka. Mwezi wa Ramadhani mchana hapana kula hadharani. Baada ya futari na Tarawehe ndipo mikahawa hujaa.

Upande gani wa mji

Maskati ni mji mrefu, umefuata bahari na milima, na kutoka Seeb kwenda Mutrah ni safari. Chagua mahala kwa kuangalia nani yumo ndani ya gari.

*Shatti al-Qurum na Madinat Sultan Qaboos.* Ndiko kwenye mikahawa mingi ya mayai na kahawa. Karibu na Jumba la Kifalme la Opera, lililofunguliwa 2011, pana mikahawa ambayo unaweza kuingia bila ya kupanda ngazi nyingi. Maegesho ndiyo taabu, basi mteremshe mzee mlangoni kwanza.

*Al Mouj.* Mikahawa inatizama maboti na njia za kutembea ni tambarare, zinapitika kwa kiti cha magurudumu. Bei ziko juu kidogo.

*Al Khoud na Seeb.* Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofungua milango 1986, kiko upande huu, na wanafunzi wameujaza mtaa kwa mikahawa ya vitamu, karaki na vyakula vya haraka. Usiku pana zogo, bei ni nafuu.

*Mutrah.* Mimi hapa huja kwa ajili ya halua na kahawa. Tembea kando ya bahari asubuhi mapema, tizama soko la samaki, halafu kaa unywe.

Vilivyomo ndani ya menyu

Hapa ndipo wazee wetu wanapotishika, kwa sababu majina ni ya kigeni. Ukivitizama vyenyewe, vingi tunavijua.

*Lugaimat.* Ni kaimati. Neno letu limetokana na hilo hilo la Kiarabu, lenye maana ya vijitonge. Donge za namna hii zimo katika kitabu cha mapishi cha Baghdad cha karne ya 13. Huku humwagiwa asali ya tende na ufuta. Sisi tunazitia katika shira yenye hiliki. Mikahawa ya vijana huzimwagia chokoleti au rojo la pistachio.

*Balalit.* Ni tambi za sukari, ndugu wa zile tunazozipika kwa tui, isipokuwa hizi hutiwa zafarani na hiliki na kufunikwa kwa mayai ya kukaanga. Chumvi na sukari katika sahani moja. Mama alipoonja alisema, "Hizi zimesahau nazi," akazimaliza.

*Shakshuka.* Mayai yaliyopasuliwa juu ya rojo la nyanya, vitunguu na pilipili mboga, yakaivia humo humo. Asili yake ni Afrika ya Kaskazini. Humfaa mzee, kwa kuwa haina sukari na ni laini.

*Ful na falafel.* Ful ni maharage makubwa yaliyochemshwa mpaka yakalainika, yakatiwa mafuta ya zeituni na ndimu. Falafel ni bajia, ila za dengu au maharage hayo ya ful, zenye majani mengi ya kotmiri.

*Rukhal.* Mkate mwembamba kama karatasi wa Kiomani, unaopikwa juu ya chuma cha moto, ukatiwa yai, jibini au asali.

*Pankeki na tosti ya Kifaransa.* Ya kwanza jamaa yake ni chapati za maji, ila nene na yenye kuumuka. Ya pili ni slesi za boflo zilizochovywa katika mayai na maziwa, zikakaangwa. Zote mbili huja na shira nyingi. Omba shira iwekwe pembeni.

*Kunafa.* Nyuzi za unga zilizookwa na samli, ndani jibini, juu shira. Iliyo maarufu ni ya Nablus, Palestina. Huliwa ikiwa moto. Ikipoa, jibini huwa ngumu.

*Ummu Ali.* Ya Misri. Mkate au keki ya matabaka iliyovunjwavunjwa, maziwa, lozi na zabibu, ikaokwa.

*Keki ya maziwa.* Keki laini iliyorowanishwa kwa maziwa, huku mara nyingi yenye zafarani. Wenye asili ya keki hizi za kurowanisha kwa maziwa matatu ni watu wa Amerika ya Kilatini.

*Karaki.* Chai ya maziwa iliyochemshwa sana, yenye hiliki. Neno limetoka India, *kadak*, yaani kali. Katika kofi shopu za mitaani, zile za gari kusimama na kupiga honi, kikombe ni baisa chache tu. Mkahawani chai hiyo hiyo hupanda bei mara kadhaa kwa sababu ya kikombe na kiti.

*Kahawa na halua.* Kahawa ya Kiarabu imo katika orodha ya urithi wa UNESCO tangu 2015, kwa maombi ya pamoja ya Oman, Imarati, Saudia na Qatar. Halua ya huku na ya Unguja na Pemba ni kitu kimoja: wanga, sukari, samli, hiliki, zafarani, na mkono usiochoka kukoroga. Ukitosheka na kahawa, tikisa kikombe kabla ya kukirejesha.

Bili

Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Oman tarehe 16 Aprili 2021, nayo ni asilimia 5. Chakula cha riali 20 huongezeka riali 1. Tizama chini ya menyu kama bei zimeshaitia kodi au bado. Mahoteli, na baadhi ya migahawa, huongeza na malipo mengine juu yake, kwa hivyo uliza kabla. Bakhshishi si lazima.

Kitu kinachokula pesa ni vinywaji. Watu sita wakiagiza kila mmoja kahawa ya barafu na juisi, bili ya vinywaji inaweza kuikaribia ya chakula. Sisi tunaagiza maji ya chupa kubwa na birika moja la chai, vitamu sahani mbili kwa watu sita, na kila mtu anaonja. Na branchi za mahotelini si sawa na za mikahawa: zile zenye leseni huwa na ulevi, na pengine nyama ya nguruwe katika meza ya mbali. Asiyetaka kukaa karibu na vitu hivyo aulize kwa simu mapema.

Ukiwa na mzee mwenye sukari

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Asiondoke nyumbani na njaa. Kama amechoma sindano au amekunywa vidonge vya sukari, ale chakula chake kwa wakati wake, hata kama ni kipande cha mkate na yai. Mkahawani atakula kidogo, na hapana ubaya. Kabla ya kumbadilishia saa za kula, muulizeni daktari wake kuhusu dawa.

Mkifika, mwambieni muhudumu alete chakula cha mzee kwanza. Sijapata kukataliwa ombi hili.

Zijue dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Kipimo kikionyesha chini ya 4 kwa mashine za mmol, au chini ya 70 kwa zile za mg, imeshuka. Mpe nusu glasi ya juisi, au soda ya kawaida isiyokuwa ya "dayeti", au vijiko vidogo vitatu vinne vya sukari ndani ya maji. Subiri dakika 15, mpime tena, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, ale chakula. Usimpe keki ya chokoleti kwa haraka ya kuwa ni tamu, maana mafuta yaliyomo huichelewesha sukari kufika mwilini. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, piga 9999.

Na upande wa pili, sukari kupanda, dawa yake ni kiasi. Mama anakula kaimati mbili, si sahani. Tunamhesabia mbele yake, naye anatuhesabia sisi.

Nani asome menyu

Zamani katika meza yetu vijana waliagiza kwa Kiingereza, mimi nikaagiza kwa Kiarabu, na mama akasema, "Chochote." Niliidhani ni tabia yake ya kutopenda makuu. Kumbe alikuwa hajui kilichoandikwa, na hakuna aliyemsomea. Mtu anayesema "chochote" ndiye huyo huyo atakayekaa na njaa saa mbili bila ya kusema.

Sasa mjukuu mdogo ndiye anayesoma, kwa sauti, kwa Kiswahili, kitu kimoja kimoja: hii ni yai kwa nyanya, hii ni bajia, hii ni tambi. Neno likimshinda, bibi yake anampa. Juzi alifika kwenye lugaimat akakwama, akaeleza kwa mikono, viduara, vinakaangwa, vina shira. Mama akamwambia, "Kaimati, mwanangu. Agiza, na wape khabari jikoni mimi nataka mbili tu."