Kinyozi Hajinyoi: Historia ya Wembe

Wazee wetu wana methali: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Maana yake yajulikana: kila mtu huhitaji mkono wa mwenziwe. Lakini siku hizi wanaume wengi hujinyoa wenyewe asubuhi mbele ya kioo, wala hawaoni ajabu. Je, methali imesema uwongo? Ndugu wasomaji, hebu tuitazame historia ya wembe, kwani chombo hiki kidogo kina mafundisho mengi.

Wembe ni wa kale sana. Nyembe za shaba nyeusi zimeonekana katika makaburi ya Misri. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, twasoma kwamba Yosefu alipotolewa gerezani alinyoa kwanza na kubadili mavazi, ndipo akaingia mbele ya Farao. Lakini kwa Waebrania ndevu zilikuwa heshima ya mwanamume. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 10, chasimulia jinsi mfalme wa Waamoni alivyowanyoa wajumbe wa Daudi nusu ya ndevu zao. Daudi akawaambia wakae Yeriko mpaka zitakapoota tena. Na kwa matukano yale vita vikatokea.

Warumi nao walikaa muda mrefu bila kunyoa. Plinius, mwandishi wao, asema kwamba vinyozi wa kwanza waliletwa kutoka Sisilia mwaka 300 hivi kabla ya Kristu, na kwamba Scipio Aemilianus ndiye wa kwanza aliyenyoa kila siku. Matajiri walinyolewa na watumwa wao, na watu wengine walikwenda kwa kinyozi.

Kwa karne nyingi kinyozi alikuwa pia mganga. Aliyejua kushika wembe ndiye aliyepasua majipu, aliyetoa damu, aliyefunga vidonda. Hapo twakutana na Mtakatifu Martin de Porres. Alizaliwa Lima, katika nchi ya Peru, mwaka 1579. Baba yake alikuwa Mspania mwenye cheo. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani. Alipofikia miaka 12 hivi, Martin aliwekwa kwa kinyozi ajifunze kazi. Baadaye akaingia kwa Wadominiko wa Lima kama mtumishi, akawa kinyozi wa watawa na mwuguzi wa wagonjwa, akawatibu watu wa rangi zote: mabwana na watumwa. Alikufa tarehe 3 Novemba 1639. Papa Yohane XXIII alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 6 Mei 1962, na vinyozi wanaye kama msimamizi wao. Tazameni basi: wembe, ambao mkononi mwa Waamoni ulikuwa chombo cha kuaibisha, mkononi mwa Martin ulikuwa chombo cha mapendo.

Kwa nini watu hawakujinyoa wenyewe? Sababu moja ilikuwa chuma. Makali yaliisha upesi, na kunoa kulitaka fundi. Katika miaka ya 1740, huko Uingereza karibu na Sheffield, Benjamin Huntsman, aliyekuwa fundi wa saa, alitafuta chuma cha pua kilicho bora kwa kamani za saa zake. Alikiyeyusha katika vyungu vya udongo ndani ya moto mkali sana, akapata pua iliyo sawa pande zote. Pua hiyo ilifaa sana kwa nyembe. Baadaye mafundi wa Sheffield na wa Solingen, katika Ujerumani, walichimba ubavu wa wembe kwa jiwe la kuzunguka, hata ukawa mwembamba na mwepesi. Na jiwe zuri la kunolea lilitoka Ubelgiji, katika milima ya Ardennes karibu na Vielsalm: jiwe la rangi ya manjano, liitwalo coticule.

Sababu ya pili ilikuwa kutojua. Mwaka 1769 Jean-Jacques Perret, fundi wa visu wa Paris, alitoa kitabu kizima cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Tena alifunga kinga ya mti kandokando ya wembe, akifuata mfano wa randa ya seremala, ili makali yasiingie sana katika ngozi.

Sisi nasi tulitaka kujifunza wembe wa kukunjwa, tukaenda kwa mzee mmoja kinyozi. Kwanza alitufundisha kuchagua. Wembe usiwe na ufa wala kutu penye makali. Ulaze juu ya kioo: mgongo na makali viguse pamoja, bila kucheza. Upana wa sentimeta 1.6 hadi 1.9 wafaa kwa mwanafunzi. Na ncha iwe ya mviringo, kwani ncha kali humchoma asiyezoea.

Kisha kunoa. Juu ya jiwe makali hutangulia. Juu ya ukanda wa ngozi mgongo hutangulia, na mwisho wa ukanda wembe hugeuzwa juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Juma zima mzee hakuturuhusu kugusa uso. Ukanda tu, kwenda na kurudi. Siku ya tatu tulifanya haraka, tukaukata ukanda wake. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba ni afadhali ngozi ya ng'ombe kuliko ya shavu.

Mwisho tukanyoa: maji ya moto, povu jingi la sabuni, mkono mmoja ukivuta ngozi, wembe umeinama kidogo, ukifuata njia ya ndevu. Usiukandamize, wala usiuvute kwa upande kama kisu. Siku za kwanza tulinyoa mashavu tu. Shingo na kidevu vilikuja baadaye. Tulijikata, ndiyo, lakini kidogo.

Ufundi huo wote ulipungua alipotokea King Camp Gillette wa Marekani. Mwaka 1903 aliuza viwembe vyembamba vya kutupwa, na hati ya uvumbuzi akaipata mwaka 1904. Katika vita vya 1914–1918 askari wa Marekani walipewa nyembe zake kwa mamilioni. Kila mtu akawa kinyozi.

Lakini jambo moja latuhuzunisha. Tulikuwa katika matanga ya jirani, siku ya kunyoa vichwa. Kiwembe kimoja kilipita toka kichwa hadi kichwa, wazee kwa watoto. Damu kidogo ilipanguswa kwa kitambaa kile kile. Sisi tulijua, tukanyamaza, tukiogopa kuharibu desturi. Twaona haya hata leo. Virusi vya ukimwi na vya homa ya ini ya namna ya B hupita katika damu. Na hivyo vya homa ya ini vyaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Kumlilia marehemu ni wema, na kunyoa kwa ajili yake si dhambi. Lakini tusiwachimbie walio hai kaburi. Mwenye matanga anunue viwembe vya kutosha, kila kichwa na chake, na vilivyotumika vitupwe chooni, mbali na watoto.

Methali nyingine yasema: mtoto akililia wembe, mpe. Sisi twaongeza: mpe, lakini kwanza mfundishe, kama mzee yule alivyotufundisha. Naye kinyozi asiyejinyoa akumbuke kwamba kichwa cha mwenziwe amekabidhiwa na Mungu.

Mtakatifu Martin, kinyozi wa Lima, utuombee.