Sauti Moja Katika Nyumba Zote

Watu wengi hudhani kwamba redio, ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo, ni chombo cha kuchukua habari tu. Lakini tukitazama mambo yaliyotokea Uingereza, twaona kwamba ilifanya kazi kubwa kuliko hiyo: iliwafundisha watu wao ni nani, na kinywa cha nani kinastahili heshima.

Kabla ya redio, Waingereza walikuwa taifa moja lenye matamshi mengi. Mtu wa Yorkshire hakunena kama mtu wa London, wala mtu wa Cornwall kama mtu wa Newcastle. Miji mikubwa ilikuwa na magazeti yake yenyewe. Lile la Manchester lilianza mwaka 1821. Kisha, mwezi wa Novemba 1922, BBC ilianza kutangaza kila siku kutoka London. Mkuu wake, John Reith, alikuwa mwana wa mchungaji wa Kiskoti, naye aliona kuwa ni wajibu wake kuwapelekea watu wote yaliyo bora, matajiri kwa maskini. Aliyetaka kusikiliza alilipa shilingi 10 kwa mwaka, na kufika mwaka 1939 vibali vilikuwa kadiri ya milioni 9.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1932 Mfalme George wa Tano alisema na watu wake kwa redio kutoka nyumba yake ya Sandringham. Tangu kale mwanakijiji alimjua mfalme kwa sura iliyopigwa chapa katika fedha. Sasa alimsikia akinena karibu na meko yake, kama mzee wa ukoo. Hivyo watu wasioonana kamwe walijiona kuwa jamaa moja.

Walakini umoja huo haukupatikana bure. Mwaka 1926 BBC iliweka baraza, chini ya mshairi Robert Bridges, ili litoe shauri juu ya matamshi ya maneno yenye shaka. Baraza lilikusudia kuwaongoza watangazaji tu. Lakini kwa kuwa wasomaji wa habari walinena kama wasomi wa kusini, wako wasikilizaji waliodhani kuwa hicho peke yake ndicho Kiingereza, na kwamba usemi wa mama zao ni makosa.

Mwaka 1941, wakati wa vita, Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax katika Yorkshire, aliwekwa kusoma habari kwa matamshi ya kwao. Wako waliofurahi, wako pia waliolalamika kwamba habari zikisomwa hivyo hazisadikiki. Tulipime jambo hili vema. Vita ilikuwa ile ile, na habari zile zile. Lakini kwa miaka 19 masikio yalikuwa yamezoezwa kusadiki sauti ya namna moja, hata kweli ikaonekana si kweli kwa sababu ya kinywa kilichoisema.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1967 BBC ilifungua redio ya mji huko Leicester, na miji mingine ikafuata. Leo matamshi ya pande nyingi husikika.

Basi sisi walimu, tunaosimama mbele ya watoto kila siku, na tujifunze. Kuwapa lugha iwaunganishayo na wengine ni kazi njema. Lakini tukiwafundisha kuionea haya sauti ya nyumbani kwao, tumewapa kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya kwa mkono wa pili. Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa.