Mahindi ya Karatu, Maziwa ya Ngorongoro: Historia ya Milo Inayokumbukwa

Historia ya nyanda za juu zinazoizunguka kreta ya Ngorongoro imeandikwa zaidi kuwa historia ya wanyamapori, ya visukuku na ya migogoro ya ardhi, na mara chache mno imeandikwa kuwa historia ya chungu na kibuyu, ingawa ni vigumu kupata mahali pengine Afrika Mashariki ambapo watu wenye mapishi tofauti kiasi hiki wamekaa karibu kiasi hiki. Kati ya Karatu, ukingo wa kreta na bonde la Ziwa Eyasi wanaishi Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi; Wamasai na Wadatoga, wenye lugha za Kiniloti; Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote; pamoja na wahamiaji wa lugha za Kibantu waliofuata mashamba na biashara. Makala haya yanadai kwamba chakula kinachopendwa katika eneo hili hakijapata kuwa mali ya jamii moja peke yake, kwa kuwa mlo uliokumbukwa kwa furaha mara nyingi ulikuwa na kitu kilichotoka kwa jirani, na kwamba mipaka iliyochorwa katika karne ya 20 kati ya shamba na malisho ilipita katikati ya sahani.

Ushahidi wa kale unaweza kuelezwa kwa ufupi. Katika korongo la Oldupai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, mmoja wa viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, mwaka 1959, imepatikana mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa zana za mawe, nayo ina umri wa takriban miaka milioni 1.8. Ndani ya kreta yenyewe yamefukuliwa makaburi ya wafugaji walioishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na pamoja na mifupa yao yakaonekana mabakuli ya mawe na mawe ya kusagia. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yamebaki magofu ya vijiji na mifereji ya umwagiliaji ya wakulima waliolima mtama kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, kabla ya kuondoka kwa sababu ambazo wanaakiolojia bado wanazijadili. Kwa hiyo ufugaji na kilimo vimekaa jirani katika milima hii kwa muda mrefu kuliko jina la kabila lolote linalotumika leo.

Miongoni mwa jamii zilizopo, Wahadzabe ni jamii ambayo suala la chakula inachokipenda limewahi kupimwa kwa utafiti rasmi. Julia Colette Berbesque na Frank Marlowe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliwaonyesha wanaume na wanawake wa Kihadzabe picha za vyakula vyao vikuu, yaani asali, nyama, matunda ya porini, ubuyu na mizizi inayochimbwa ardhini, wakawaomba wavipange kwa kadiri wanavyovipenda. Wote waliweka asali mbele na mizizi nyuma; walitofautiana katika nafasi ya pili, ambako wanaume walitaja nyama na wanawake wakataja matunda. Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa, kwa sababu mizizi iliyoshika mkia ndiyo inayopatikana mwaka mzima na ndiyo inayoiokoa kambi pale mawindo yanapokosekana, ilhali asali hupatikana kwa msimu, kwa kupanda mibuyu mirefu na mara nyingi kwa kumfuata segu, ndege anayemwongoza mtu hadi kwenye nyuki. Chakula kinachookoa maisha si lazima kiwe ndicho kinachopendwa, na mwanahistoria anayehesabu magunia peke yake hawezi kuiona tofauti hiyo.

Asali hiyo haikuishia porini. Wahadzabe waliibadilisha, pamoja na nyama, kwa nafaka, tumbaku, shanga na vyuma vya kufulia vichwa vya mishale, na upande wa pili wa biashara hiyo palikuwa na jamii ambazo hazikuweza kufanya sherehe bila asali. Wadatoga hutengeneza gesuda, yaani pombe ya asali iliyochachushwa kwa mizizi, na huinywa katika shughuli kubwa kama bung'eda, mazishi ya heshima ambamo mzee mashuhuri hujengewa tuta la kaburi lake. Wamasai nao wanahitaji asali na pombe yake katika hatua mbalimbali za posa na ndoa. Hivyo kinywaji kilichobariki ndoa ya mfugaji wa Ngorongoro kingeweza kuwa kilianza juu ya mbuyu karibu na Eyasi, mikononi mwa mtu asiyemiliki hata mbuzi mmoja.

Kwa Wamasai, chakula chenyewe hasa ni maziwa. Huhifadhiwa katika kibuyu kinachosafishwa kwa vijinga vya oloirien, yaani mzeituni mwitu, ambavyo hutiwa ndani vikiwa bado na moto na kusuguliwa hadi ukuta wa kibuyu ushike moshi. Moshi huo hupunguza vijidudu, huyafanya maziwa yakae siku nyingi na huyapa ladha ambayo aliyeizoea huikosa mara moja anapopewa maziwa ya chupa au ya pakiti. Kazi hiyo ni ya wanawake, na sifa ya nyumba ilipimwa kwa harufu ya vibuyu vyake. Nyama ilikuwa na mahali pake tofauti: maziwa na nyama havikupaswa kukutana katika siku moja, na morani, yaani kijana wa rika la ulinzi, hakuruhusiwa kula nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa wala kunywa maziwa akiwa peke yake. Mwiko huo wa mwisho unafundisha mengi kuhusu jamii iliyouweka, kwani ulimlazimisha kila kijana awe na mwenzake kabla ya kushiba.

Mlo mkuu wa maisha ya mwanamume wa Kimasai ulikuwa olpul, kambi ya kula nyama inayowekwa msituni au penye majabali, mbali na boma, ambako kundi dogo huchinja ng'ombe na kukaa hadi amalizike. Damu hunywewa, nyama huchomwa, na mifupa huchemshwa pamoja na magome na mizizi ya dawa, mojawapo ikiwa ni olkiloriti, mti wa jamii ya mgunga, hadi ipatikane supu chungu inayoaminika kutia nguvu na ujasiri. Misitu ya Ngorongoro yenye baridi na chemchemi ilifaa sana kwa kambi hizo. Wanawake walikuwa na mlo wao wa kukumbukwa, kwani mama aliyejifungua alichinjiwa kondoo na kupewa mafuta na supu yake. Kaj Århem, mwanaanthropolojia kutoka Sweden aliyefanya utafiti Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 1980, alieleza kwa makini jinsi Wamasai wanavyojitambulisha kwa maziwa, nyama na damu, lakini pia alionyesha kwamba nafaka ilikuwa tayari sehemu kubwa ya chakula chao cha kila siku.

Kuihitaji nafaka hakukuanza enzi za Århem. Mwaka 1891 sotoka, ugonjwa wa virusi ulioteketeza ng'ombe kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara, ulikuwa umekwisha kuzikausha boma za wafugaji, na ukaandamana na ndui na njaa katika kipindi ambacho Wamasai hukiita Emutai, yaani maangamizi. Oscar Baumann, Mwaustria aliyefika kwenye kreta mwezi Machi 1892, alikuta wanawake waliobaki mifupa mitupu, watoto wenye njaa na watu waliokula ngozi, mifupa na hata pembe za ng'ombe. Walionusurika wengi waliponea kwa wakulima jirani, na ni haki kusema kwamba ugali ambao mfugaji alizoea kuudharau ndio uliovipa uhai vizazi vilivyofuata.

Wakulima wa karibu zaidi walikuwa Wairaqw, ambao chimbuko lao ni milima ya Mbulu na ambao katika karne ya 20 walisogea kaskazini hadi Karatu, wakifyeka vichaka na kufungua mashamba. Chakula chao cha asili kilitokana na mtama, ulezi, maharage na maboga, kisha mahindi yakachukua nafasi ya kwanza; unga ulisagwa kwa jiwe ndani ya nyumba. Karamu yao haikukamilika bila pombe ya nafaka, ambayo iliambatana na slufay, sala ya kishairi inayosemwa na mzee huku waliohudhuria wakiitikia, wakiomba mvua, mifugo na watoto. Mtama wa pombe ulikuwa chakula, lakini pia ulikuwa njia ya kuwakalisha pamoja watu waliokosana, na kwa hiyo kupungua kwake mashambani ni hasara ambayo haionekani katika takwimu za mavuno.

Ukoloni uliongeza vyakula vipya. Ndugu wawili wa Kijerumani, Adolph na Friedrich Siedentopf, walifuga ndani ya kreta kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye walowezi, wengi wao Wajerumani, walipanda kahawa Oldeani hadi mwaka 1939, walipokamatwa na mashamba yao kuwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Ngano ilienea Karatu na Mbulumbulu, na pamoja nayo chapati na maandazi. Chai ya maziwa yenye sukari ikaingia kila nyumba. Mang'ola, kwenye chemchemi za bonde la Eyasi, kukawa nchi ya vitunguu, na uwanja wa Wahadzabe wa kuwinda na kuchimba mizizi ukapungua kwa kadiri hiyohiyo.

Hata hivyo, hakuna chakula kinachoieleza historia hii vizuri kuliko loshoro, mlo unaopendwa mkoani Arusha kote. Mahindi yaliyokobolewa huchemshwa polepole hadi yalainike, huachwa yapoe, kisha huchanganywa na maziwa mgando. Mahindi ni ya mkulima na maziwa ni ya mfugaji, na hakuna anayeweza kuupika mlo huo sawasawa ikiwa mmoja wao hayupo. Ushirikiano huo ulitikiswa na sheria za hifadhi. Sheria ya mwaka 1959, iliyoitenga Ngorongoro na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kuunda eneo la kilomita za mraba 8,292, iliwaruhusu wakazi kuendelea kuishi humo. Marekebisho ya mwaka 1975 yakapiga marufuku kilimo. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliruhusu tena bustani ndogo za mahindi, maharage na viazi kwa sababu ya njaa, na mwaka 2009 marufuku ikarudi. Tangu mwaka 1959 wakazi waliongezeka kutoka takriban 8,000 hadi zaidi ya 90,000 kwa hesabu ya mwaka 2017, lakini ng'ombe hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Matokeo yake ni kwamba familia nyingi huuza mbuzi au ndama ili kununua mahindi, mengi yakitoka Karatu, na hunywa chai yenye maziwa kidogo pale ambapo zamani palikuwa na kibuyu kilichojaa.

Tangu mwaka 2022 baadhi ya kaya za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, ambako hakuna oloirien wa msitu wa kreta wala jirani wa Kiiraqw wa kubadilishana naye. Makumbusho ya Oldupai, yaliyofunguliwa katika jengo jipya mwaka 2017, yanaonyesha kwa ustadi kile kilicholiwa na viumbe wa miaka milioni 1.8 iliyopita; wanaoyasimamia, pamoja na vyuo vya Tanzania na shule za Karatu, wanaombwa wafanye kazi kama hiyo kwa ajili ya wanawake ambao bado wanajua kufukiza kibuyu na kusaga mtama kwa jiwe, wawarekodi kwa majina na lugha zao, na waanze sasa.