Chusa za Katanda na Kijisanduku cha Shaba

Sisi wa Kalemie, tukaao pale Mto Lukuga utokapo ziwani, twaijua kazi ya uvuvi tangu utoto. Lakini ni nani waliotangulia kuchonga chusa katika nchi hizi? Swali hilo limewagombanisha wataalamu, na jibu lake lilitafutwa ndani ya kijisanduku cha shaba, kiasi cha ngumi ya mtu.

Kaskazini kwetu, kando ya Mto Semliki, karibu na Ishango, pana mahali paitwapo Katanda. Hapo Alison Brooks na John Yellen, wataalamu wa Marekani, walifukua chusa za mfupa, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza umri wake: yapata miaka 90,000. Wengi walistaajabu, kwa maana chusa za namna hiyo huko Ulaya hazifiki hata nusu ya umri huo.

Umri ulijulikanaje? Kipimo cha kaboni hakivuki miaka 50,000 hivi. Basi walipima meno ya kiboko yaliyozikwa pamoja nazo. Udongo una urani kidogo. Mionzi yake huzing'oa elektroni katika jino, nazo hunaswa kama samaki mgononi. Jino likikaa sana, elektroni zilizonaswa huongezeka.

Lakini twawezaje kuzihesabu? Mwaka 1944, Yevgeny Zavoisky wa Kazan, Urusi, aliona kwamba elektroni za namna hiyo, zikiwekwa penye sumaku, hunywa mawimbi ya redio. Baada ya vita yakatumika mawimbi mafupi ya rada, ya sentimeta 3 hivi. Hapo ndipo kijisanduku kilipohitajiwa. Kama vile kila ngoma ina sauti yake kwa ukubwa wake, sanduku nalo huitikia wimbi lililo sawa na vipimo vyake tu. Wimbi huingia kwa tundu dogo, likaenda na kurudi kati ya kuta, likapata nguvu. Kuta hulainishwa na kupakwa fedha, ili zisilimeze. Jino huwekwa pale nguvu ya sumaku ya wimbi ilipo kubwa na ya umeme ndogo, kwa sababu unyevu hula nguvu ya umeme.

Hata hivyo ubishi haukuisha. Wengine walisema huenda mto uliyachanganya meno ya kale na chusa za baadaye. Tena, urani iliingia lini katika jino? Mchanga wenyewe ulipimwa kwa njia nyingine, na majibu yakaelekea upande uleule.

Basi, wasomaji wapenzi, tuelewe jambo hili: sanduku huhesabu elektroni tu, umri hupatikana kwa kuujua pia udongo uliolizunguka jino. Tukiona mfupa wa kale ukingoni, tusiung'oe wala kuuhamisha. Tuwaarifu wanaojua kazi hiyo, ili habari za wazee wetu wa kale zisipotee mikononi mwetu.