Dinari, Fedha na Hela: Sarafu za Pwani ya Tanga

Mswahili anayehitaji pesa hutafuta fedha, hatafuti dhahabu. Chanzo cha msemo huo kiko mbali na kilianza zamani.

Mwanzoni mwa karne ya 4, Kaizari Konstantino wa Rumi alitoa sarafu ya dhahabu iliyoitwa solidus, yenye uzito wa gramu 4.5 hivi. Warithi wake wa Bizanti waliilinda thamani yake kwa takriban miaka 700. Kosma, mfanyabiashara wa Iskandaria aliyeandika katikati ya karne ya 6, alijivunia kwamba mataifa yote yaliipokea.

Katika karne ya 7 Waislamu waliitwaa Shamu na Misri, wakaendelea kutumia dhahabu hiyohiyo ya Bizanti. Mwaka wa 77 Hijria (696/697), Khalifa Abdul-Malik aliondoa sanamu za wafalme akaweka maandishi matupu. Hiyo ndiyo dinari, ambayo hata jina lake lina asili ya Kirumi.

Dinari zilifika kwetu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ng'ambo ya mkondo kutoka Tanga, ilifukuliwa dafina ya karne ya 11: dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimi wa Misri, pamoja na sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa hapahapa. Hizi za fedha ni ndogo na nyembamba. Upande mmoja una jina la mtawala, wa pili unataja kumtegemea kwake Mola, na pande hizo zina vina: anayeigeuza sarafu humalizia ubeti. Dhahabu ilitoka ugenini, bali fedha ilipigwa chapa nyumbani.

Karne ya 14 ilikuwa zamu ya Kilwa. Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, alitoa hata sarafu za dhahabu, lakini nyingi zilikuwa za shaba. Tongoni, kusini mwa Tanga, ilijenga msikiti na makaburi ya minara kwa neema ya biashara hiyo ya bahari. Januari 1499, karibu na hapo, Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael, na zama za Wareno zikaanza.

Karne ya 19, pembe za ndovu zilishuka Pangani, na riale ya Maria Theresa, iliyoandikwa 1780 daima, ikatawala soko. Mwaka 1890 Wajerumani walileta rupia yao yenye pesa 64. Mwaka 1904 wakaigawa kwa heller 100. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga bandari, dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilipigwa chapa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Julai mwaka huohuo Tanga ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1921 shilingi ikaingia.

Leo wakusanyaji huwania tembo wa Tabora kama wanavyowania solidus. Lakini sarafu iliyochimbuliwa kiholela hunyamaza: Mtambwe inasimulia kwa sababu dinari na fedha zilikutwa pamoja. Ushahidi mwingine hauhitaji jembe. Kijana wa Tanga anayesema "sina hela" anaitaja heller, ingawa ilitoweka sokoni karne moja iliyopita. Na babu anayemshauri atunze fedha zake anaitaja ile ya Mtambwe.